Kijiko Kisichomezwa

Kitu cha kwanza kumchukiza kilikuwa kitunguu. Wala si kitunguu kibovu. Kilikuwa kizima, kimekatwa vizuri na kumwagwa kwenye mafuta ya moto, kama alivyokimwaga maisha yake yote. Mvuke ulipompanda puani roho ilimchafuka, mate mengi yakamjaa mdomoni, na Mama Kijiko, mpishi mkuu wa jiko lililokuwa likilisha kiwanda kizima cha nguo, akaacha mwiko ndani ya sufuria akatoka nje kushika ukuta.

Huko nje akapiga mbweu, na mbweu yenyewe ilinuka yai viza.

Tuseme ukweli, jambo hili halina namna nzuri ya kulisema. Mwanamke yule alikuwa ananuka kwa ndani. Chakula alichokula jana kilikuwa bado kimekaa tumboni, hakishuki wala hakipandi, kinachacha taratibu kama maji ya vyombo yaliyosahauliwa kwenye beseni. Kila akipiga mbweu alijinusa mwenyewe, na kila akijinusa alijichukia. Alitafuna majani ya mnanaa mpaka ulimi ukafa ganzi, na bado lile yai likawa pale pale.

Chanzo kilikuwa sindano, na sindano yenyewe alipewa kihalali, asije mtu akafikiri aliiokota kichochoroni. Daktari aliyaangalia magoti yake, akapima sukari yake, akamwambia mwili umekuwa mzigo na ugonjwa wa sukari uko mlangoni unabisha hodi. Akamwandikia dawa ya kuchoma mara moja kwa wiki, inayokuja ndani ya kifaa kilichofanana na kalamu. Mdogo wake, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyemchoma mara ya kwanza, wamekaa mezani nyumbani, gauni limepandishwa na tumbo liko nje limetulia kama unga uliokandwa.

"Dada, kwanza nikueleze inavyofanya kazi," mdogo wake alisema, "maana nakujua, ukiumwa kichwa tu utasema nimekuroga."

"Nieleze kwa lugha ya jikoni. Ya hospitali imeshanichosha."

"Haya. Ukila, utumbo wako unatoa homoni. Hiyo homoni ni mpeleka habari. Inakwenda kwenye kongosho inaliambia, toa insulini, sukari inakuja. Inakwenda tumboni inaliambia, usishushe chakula haraka, taratibu. Halafu inapanda kichwani inasema, jamani tumeshiba, wekeni vijiko chini."

"Mbona kwangu huyo mpeleka habari hajawahi kufika."

Mdogo wake akacheka. "Anafika, ila hakai. Ile ya asili mwili unaivunja ndani ya dakika chache tu. Hii ya sindano imetengenezwa kwa kuiga ile, lakini imefanywa ngumu, haivunjiki upesi. Inakaa wiki nzima inarudia neno lile lile, tumeshiba, tumeshiba, hata kama hujala."

"Na hicho kichefuchefu wanachokisema?"

"Hapo ndipo unisikilize. Kwenye ubongo, huku nyuma chini, kuna sehemu ambayo kazi yake ni kuchungulia damu kama ina sumu. Ukila kitu kibovu, hiyo inapiga kengele, unatapika. Sasa dawa hii inaigusa na kengele hiyo. Kuna siku italia na sumu hakuna. Wengi huwapungua baadaye. Kula kidogo kidogo, punguza mafuta, na dozi tutaipandisha polepole. Ukizidiwa useme, itapunguzwa. Na kazini uwaambie, dada. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unalisha watu."

"Nitawaambia," Mama Kijiko akajibu, akashusha gauni lake.

Hakuwaambia, na sababu ilikuwa kijiko.

Jiko lile lilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: sufuria haitoki mpaka Mama Kijiko ameonja, na kuonja maana yake ni kumeza. Wengine walikuwa hawaruhusiwi. Zamani kila mpishi alikuwa anaonja. Huyu anasema chumvi imezidi, yule anasema haijafika, wanagombana mpaka chakula kinapoa na kule kiwandani watu wanakaa njaa. Ndipo bosi, mwenye jiko, akasema mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse ninyi kundi zima. Aonje mmoja, na atakalosema liwe hilo. Akachaguliwa yeye. Kijiko chake cha chuma kikafungwa kwa uzi kwenye aproni, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Ikifika saa ya kupakua, wote huacha kazi wakamtazama. Anachota, anapuliza, anatia mdomoni, anameza, anangoja kidogo kama mtu anayesikiliza mlango, kisha anasema, "Inakwenda." Hapo mifuniko inafungwa na gari linapakiwa. Watu walikuwa wamezoea hivyo hata wakasahau kwamba wao pia wana ndimi. Bi Kitunguu, mama mmoja mkavu wa maneno aliyekuwa akimenya na kukatakata, hakuwa ameramba hata kidole tangu aajiriwe.

Sasa mwonjaji gani atasimama aseme chakula kinamtia kinyaa? Ni sawa na dereva kuwatangazia abiria kwamba haoni mbele. Mama Kijiko akatafuta njia, na njia ikapatikana kwenye leso. Akichota na kupuliza na kutia mdomoni, hushusha kidevu kana kwamba amemeza, kisha hujifuta midomo. Na hapo tonge lote, la moto, limechanganyika na mate, huingia ndani ya leso. Anakunja, anatia mfukoni, anasema, "Inakwenda." Chumvi alikuwa bado anaipata kwenye ncha ya ulimi. Vingine alikisia kwa mazoea.

Na mwili ulikuwa unapungua kweli, tusimnyime haki yake. Magoti yalikuwa yameanza kupanda ngazi bila kulalamika, na sukari ilikuwa imerudi nyuma kutoka mlangoni. Lakini kila jioni alijifungia bafuni kufua zile leso. Maji yaligeuka ya manjano yenye mafuta, na vipande vya nyama vilivyotafunwa nusu vikaelea juu, vyeupe, vimelainika, na yeye akavifikicha huku amegeuza uso pembeni. Alichukia vile vipande, alichukia vidole vyake, na kesho yake akaenda akafanya vile vile.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa mshonaji kwenye kiwanda hicho hicho. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba yenyewe ilikuwa na kiburi: mafuta haitaki, sabuni haitaki, hata jasho la mwenye kuitia haitaki. Siku za mapumziko mama na mwana walikaa kwenye kochi moja, kila mtu na upande wake, kila mtu na ndimu yake ya kunusa.

"Mimi nina sababu," binti alisema siku moja. "Wewe mama una nini? Usije ukaniletea mdogo wangu uzeeni."

"Tumbo tu, mwanangu. Litapita."

"Mwone anavyokwepa. Lakini sijui ni kwa nini, chakula cha kazini nakimudu. Hata kikinichefua nakula. Wenzangu wakivuta midomo nawaambia, kuleni nyie, huyo mama yangu ameshaonja."

Mama Kijiko akanusa ndimu yake kwa nguvu, akauliza kama mtoto anacheza.

Siku ya balaa ilianza na friza. Lilikuwa limezima wakati wa mapumziko, jiko likiwa limefungwa, na umeme uliporudi likaanza tena kuunguruma kama vile halikufanya lolote. Nyama ilikuwa imeyeyuka, ikakaa ndani ya maji yake ya damu, ikaganda upya. Aliyefika wa kwanza asubuhi alikuwa bosi. Aliona dimbwi sakafuni, akaona barafu nyekundu, akajua. Akachukua kitambaa akapangusa sakafu kwa mikono yake mwenyewe, mtu ambaye siku nyingine hata kikombe chake hakioshi, na hakumwambia mtu.

Ile nyama ilipoyeyuka tena, Bi Kitunguu akaifungua, ikamponyoka.

"Bosi, mbona ina utelezi hii?"

"Ioshe na siki. Halafu utie tangawizi na kitunguu saumu cha kutosha."

"Inanata mikononi."

"Si ataonja Mama Kijiko? Akisema haifai, tutaimwaga. Mimi na wewe tunajua nini?"

Bi Kitunguu akaona ni kweli, akaiosha. Ute ulimfuata mpaka kwenye viwiko, na yeye aliendelea kuosha tu, kwa sababu kulikuwa na mwonjaji. Mpishi wa pili aliikaanga hivyo hivyo. Kila mmoja alisikia kitu puani, na kila mmoja akampelekea mwenye kijiko.

Mama Kijiko alikuwa upande wa pili wa jiko, kwenye mchele. Jana yake alikuwa amejichoma sindano, dozi imepandishwa, na tangu alfajiri kinywa chake kilikuwa jaa. Alipoitwa kwenye sufuria mbili za mchuzi, moja ya mchana na moja ya zamu ya jioni, zimetoka kwenye nyama moja, alikuwa amepiga mbweu nyingi hata hakujua tena harufu ipi ni ya nje na ipi ni yake.

Akachota. Mvuke ulinuka tangawizi, na chini ya tangawizi palikuwa na utamu mzito, utamu wa panya aliyefia nyuma ya kabati. Akatia mdomoni. Nyama iliteleza ulimini kama kitu kinachojua kinakokwenda. Vinyweleo vikasimama mikononi, machozi yakamtoka. Kengele ya nyuma ya kichwa ililia kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia.

Ni dawa, akajiambia. Kengele ya uongo. Juzi ililia kwa ndizi, jana kwa maji ya kunywa. Kinachonuka hapa ni mimi.

Wote walikuwa wamesimama wanamtazama, mifuniko mikononi. Akashusha kidevu, akajifuta midomo kwa leso, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Inakwenda," akasema.

Bi Kitunguu alimwangalia kidogo zaidi ya siku zote. Kisha akafunika.

Jua lilikuwa halijapoa simu ilipoita. Bosi aliijibu amesimama katikati ya jiko, na mtu wa upande wa pili alikuwa anapiga kelele hata wote wakasikia. Watu wanatapika kwenye mashine. Wanatapikia vitambaa. Vyoo vimejaa, sasa wanajisaidia kwenye ndoo za mabaki ya nguo, wanawake na wanaume pamoja, hakuna tena wa kumwonea mwenzake haya. Gari la wagonjwa limeshabeba walio hoi, na yule mshonaji mwenye mimba ni mmoja wao.

Mama Kijiko akakaa juu ya gunia.

"Haiwezi kuwa chakula chetu," bosi alikuwa anasema kwenye simu, sauti imetulia, sauti ya mtu anayeuza. "Sisi hapa tuna mwonjaji. Ameonja mbele ya watu wote, amemeza, na hivi ninavyoongea nawe namwona kwa macho yangu, mzima kama chuma. Angalieni maji yenu huko. Zamu ya jioni tutaileta kama kawaida."

Akakata simu. "Washeni moto," akasema. "Ile ya pili ipashwe, ipakiwe."

Hakuna aliyesogea. Mama Kijiko alikuwa ameyasikia maneno yale yote, na neno lililomganda kichwani lilikuwa moja, kwamba yeye ni mzima. Uzima wake ndio uliokuwa unaisafisha ile sufuria. Kule hospitali wangeulizia maji, wangepima maji, na huku nyama ile ile ingepanda gari kwenda kulisha wengine, kwa sababu yeye, mwonjaji, alikuwa amekaa hapo kwenye gunia na tumbo lake halina kitu.

"Hamnisikii?" bosi akauliza.

"Mimi sifuniki," Bi Kitunguu akasema. "Samahani bosi. Sifuniki mpaka nijue."

"Ujue nini, wewe mmenya vitunguu? Haya. Mama Kijiko, njoo uonje tena wakuone. Meza, wafumbe midomo yao."

Alifunua sufuria mwenyewe. Mafuta yalikuwa yamegandia juu, meupe, yamepasukapasuka kama kisigino. Akachota kwa mwiko, akautia ule ujiuji kwenye kijiko kilichoning'inia kwenye aproni, akakiinua mpaka karibu na midomo ya mama wa watu. Alikuwa anatabasamu. Na Mama Kijiko akamwona jinsi anavyojiweka mbali, jinsi anavyopumulia mdomoni ili asisikie harufu, na ndipo akajua kwamba mtu huyu alikuwa anajua. Kinyaa kilichompanda safari hii hakikuwa cha sindano.

Angeweza kumeza. Wazo hilo lilimjia, ameze, augue, alale kando ya mwanawe, iwe ndiyo adhabu na mambo yaishe. Lakini kumeza kungemsaidia bosi tu. Angeugua wakati gari limeshaondoka.

Akatia mkono mfukoni, akaitoa leso.

Ilikuwa imekaa mfukoni tangu mchana, karibu na moto. Aliiweka juu ya meza ya chuma, akaikunjua pembe moja baada ya nyingine, na kila pembe ilibanduka kwa sauti. Ndani palikuwa na lile tonge, limegeuka kijivu, linang'aa kwa ute, na harufu ikainuka ikajaa jiko lote hata mpishi wa pili akakimbilia mlangoni. Hapakuwa na tangawizi tena ya kuificha.

"Sikumeza," akasema. "Mchana huu sikumeza. Juma lililopita sikumeza. Tangu nianze kupungua sijameza kitu humu ndani. Kuna sindano nachoma, inanifanya kila chakula nikione uchafu. Leo ilinuka, nikajua ni mimi ninayenuka."

Bosi ndiye aliyezinduka kwanza, na uso wake ulikuwa umepata njia ya kutokea.

"Kumbe. Basi mmesikia wenyewe. Tatizo ni sindano zake. Umeniharibia jiko, mwanamke. Ungesema."

"Na wewe ungesema friza lilizima."

Hakuwa na uhakika. Alikisia tu, kwa ule mdomo uliokuwa ukipumua badala ya pua. Lakini bosi aligeuka kutazama friza kabla hajajizuia, na wote wakayafuata macho yake, wakaiona ile alama nyekundu chini ya mlango aliyosahau kuipangusa.

Bi Kitunguu akazima gesi. Akainama juu ya leso, akanusa, akanyooka taratibu.

"Miaka yote hiyo," akasema, "tunakutazama mdomoni."

Kisha akaishika sufuria upande mmoja, mpishi wa pili akashika wa pili, wakaitoa nje kwenda kuimwaga shimoni. Mama Kijiko akainyakua simu ya bosi mezani, akaiweka sikioni, akiwaambia hospitali ni nyama, si maji, na kwamba yeye ana hakika.

Alipofika wodini alikuta vitanda havitoshi. Watu walikuwa wamelazwa wawili wawili, wengine sakafuni, na kila mmoja alikuwa na beseni lake. Hewa ilikuwa nzito kiasi cha kutafunwa. Dawa ya kuoshea sakafu ilikuwa imemwagwa juu ya matapishi bila kuyashinda, na sasa vyote viwili vilinuka. Kengele yake ikaanza. Akaziba mdomo kwa kiganja, maana leso hakuwa nayo, akapita katikati ya vitanda huku watu waliokula kwa neno lake wakimwamkia, "Shikamoo mama," kwa sauti za kukauka. Hawakuwa wamesikia bado.

Binti yake alikuwa kwenye kona, ana dripu, midomo imepasuka. Mkunga alikuwa ametoka kumpima muda si mrefu. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, akasema, ila mama yake anywe maji na apumzike. Mama Kijiko akashukuru, akakaa pembeni ya kitanda, akamshika mwanawe mguu juu ya shuka.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa." Binti alitafuta mate ya kusemea. "Mama, unajua niliisikia ile harufu? Nilipofunua sahani tu. Nikasema ni mimba hii, maana kila kitu inaniambia kimeoza. Wenzangu hao hapo wakasita, wakasema nyama haiko sawa." Akaelekeza kidole kwenye kitanda cha jirani, ambako wasichana wawili walikuwa wamelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, rangi zimewatoka. "Nikawaambia kuleni, mama yangu ameonja."

Kijiko kilikuwa bado kinaning'inia kwenye aproni, kimekauka na mafuta.

"Mbona wewe hujaumwa?" binti akauliza. "Si ulionja?"

"Nilionja."

"Ukameza?"

Wale wasichana wawili walikuwa wamefumbua macho wanasikiliza.

"Sikumeza, mwanangu. Nilitema."

Binti akauvuta mguu wake taratibu kutoka mkononi mwa mama yake, akajifunika shuka mpaka puani, akageukia ukutani.